Wanaanguka Usiku na Mchana, Lakini Hawatui

"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni bibi, naishi Sahare, Tanga. Kati ya Magharibi na Isha huwa tunatandika mkeka nje tukapunga upepo. Wiki iliyopita, Isha ikiwa karibu kuadhiniwa, tuliona nyota kubwa kuliko zote ikitokea upande wa kusini magharibi, haimeti, haina sauti, inakwenda mwendo mmoja kama yenye safari zake. Ikapita karibu na utosini, ikaelekea baharini, kisha ikafifia na kuzimika ingali juu, na wala wingu halikuwapo. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu akasema ndani yake mna watu, wanakaa humo miezi sita. Jirani akasema ni kweli, ila hawaanguki kwa sababu huko juu mvutano wa dunia umekwisha. Sikulala vizuri. Kama umekwisha, mbona hawapeperuki wakapotea? Kama haujakwisha, nini kinachowashika wasituangukie? Mbona ilizimika? Na Mwislamu akiwa humo atasali vipi, ikiwa jua linamchwea kila baada ya saa moja na nusu? La mwisho, kijana mwenyewe sasa haambiliki. Anataka kuwa mwanaanga, masomo mengine kayatupa, kutwa yuko na fizikia na darubini aliyopewa na mjomba wake. Hata jua likikaribia kuzama hulitazama nayo, na siku hizi analalamika jicho la kulia lina doa katikati. Nimkataze?"

Waalaykumu salaam mama, na shikamoo. Umeuliza mengi na yote yana majibu, lakini naanza na lile uliloligusa mwishoni kana kwamba ni dogo. Kijana aliyelitazama jua kwa darubini, kisha akaona doa katikati ya jicho, apelekwe kwa daktari wa macho kesho asubuhi. Msingoje doa liondoke lenyewe. Hapo Tanga nendeni hospitali ya Bombo, muulizie daktari wa macho, na mumweleze waziwazi kwamba mtoto alitazama jua kwa darubini. Asipoambiwa hivyo anaweza kuhangaika kutafuta sababu nyingine. Kabla hajapimwa asitiwe tone lolote la dukani, wala asali, wala maziwa.

Vijana wengi hudhani jua la machweo halina madhara kwa kuwa limekuwa jekundu na halichomi uso. Darubini hukusanya nuru nyingi na kuibana mahali padogo nyuma ya jicho, kwenye utando laini uitwao retina. Retina haihisi maumivu. Inaungua kimya, na mtu hagundui mpaka baadaye anaposoma na kuona herufi za katikati hazipo. Ule wekundu wa jioni usimhadae: hewa imechuja nuru ya buluu, lakini miale ya joto ambayo macho hayaioni bado inapita. Jeraha hilo halina dawa maalumu. Kwa wengi doa hupungua baada ya wiki au miezi, na wapo wanaobaki nalo. Daktari atapima ukubwa wake, na atahakikisha si ugonjwa mwingine ambao unatibika ukiwahiwa.

Darubini yenyewe msimnyang'anye. Usiku ni salama, na nayo ataona mashimo ya mwezini, na akiishika imara ataona miezi minne ya Mshtarii (Jupita) ambayo Galileo aliigundua mwaka 1610. Sharti liwe moja: darubini haitoki ndani mpaka jua limezama lote. Nalisisitiza hili kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Huko Misri na Saudi Arabia zipo sehemu zitakazolipoteza jua lote, na kwetu litamegwa upande tu, na kijana wa aina hii hatakaa ndani siku hiyo. Atumie miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua, au atoboe tundu dogo kwenye karatasi, alipe jua mgongo, na aitazame picha yake ikiangukia kwenye karatasi ya pili. Kioo chenye masizi, filamu ya eksirei na beseni la maji havimlindi.

Sasa tuje kwenye ile nyota. Mjukuu wako amesema kweli. Kwa jinsi ulivyoieleza, yaelekea sana mliona Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kipande chake cha kwanza kilirushwa tarehe 20 Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kulala bila watu, hata usiku mmoja. Kwa kawaida wamo saba. Kina uzito wa kama tani 420, na ukipima upana wake pamoja na mabawa ya sola unapata meta 109. Mabawa hayo ndiyo yanayorudisha nuru ya jua mkaiona kama nyota. Wachina nao wana kituo chao, Tiangong, ambacho hukaliwa na watu watatu watatu na hupita juu ya Tanga vilevile, ila ni kidogo na hung'aa kidogo.

Huko juu anakokusema jirani si mbali kama watu wanavyofikiri. Kituo kiko kama kilomita 400 kutoka chini. Basi litokalo Tanga kwenda Dar es Salaam hukata kama 350. Safari nyingi za binadamu angani, basi, zimekuwa fupi kuliko kutoka kwenu hadi Dodoma, ila zimekwenda juu. Mwezi uko kilomita 384,400, na watu 12 tu ndio waliokanyaga udongo wake kati ya Julai 1969 na Desemba 1972. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya mvua, kiko mbali kiasi kwamba nuru unayoiona leo ilitoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mimi nikitazama kituo kikipita halafu nikainua macho nikaona Kilimia, huwa naona vyote viwili kwa pamoja: jinsi tulivyofanya kazi kubwa, na jinsi ambavyo hatujatoka hata mlangoni.

Jirani yako amekosea, lakini amekosea pamoja na watu wengi wenye elimu zao. Tunawaona wanaanga kwenye video wakielea, kalamu inaelea, tone la maji linaelea, tunahitimisha kwamba mvutano haupo. Mvutano hauna mahali unapokatika. Hupungua kadiri unavyojitenga na kiini cha dunia, na kiini hicho kiko kilomita 6,371 chini ya mkeka wenu. Ukiongeza 400 juu ya hizo umeongeza kidogo sana. Ukipiga hesabu, mvutano kwenye kimo cha kituo ni karibu asilimia 89 ya huu wa Sahare. Lau ungejengwa mnara wa kilomita 400, mtu wa kilo 70 akapanda mpaka kileleni akasimama juu ya mizani, mizani ingesoma kilo 62. Asingeelea hata kidogo, na akiteleza angeanguka mpaka chini. Mwezi wenyewe, ulio mbali kuliko kituo mara karibu elfu moja, unashikiliwa na mvutano huohuo.

Kwa hiyo swali lako ndilo lenyewe hasa: ikiwa wanavutwa, nini kinawashika? Hakuna kinachowashika, mama. Wanaanguka. Wanaanguka sasa hivi unaposoma, na wataanguka usiku kucha. Kinachowaokoa ni kwamba wakati huohuo wanakwenda mbele kwa kasi kubwa mno, na dunia ni mviringo.

Tukae hapa kidogo. Kitu kikiachiwa, sekunde ya kwanza hushuka kama meta 5. Nazi ikikatika mnazini ndivyo inavyoshuka. Jiwe likirushwa mbele, usawa usawa, kutoka kimo kilekile cha ile nazi, nalo linashuka meta 5 katika sekunde hiyohiyo. Kwenda mbele hakupunguzi kuanguka. Vikiachiwa kwa pamoja vitagusa mchanga kwa pamoja, ila jiwe litakuwa limefika mbali. Watu hulikataa jambo hili wakilisikia mara ya kwanza, kwa hiyo kijana alijaribu ukingoni mwa meza kwa sarafu mbili, moja aiachie na nyingine aisukume kwa ukucha. Afumbe macho asikilize. Atasikia mlio mmoja.

Kisha weka umbo la dunia, ambalo watu wa pwani hamna haja ya kufundishwa. Jahazi linalotoka Pemba huonekana tanga kwanza, mwili wake baadaye, kwa kuwa bahari imepinda kati yenu nalo. Mpindo huo unapimika. Mstari ulionyooka kabisa ukitoka ufukweni kwenda mbele, baada ya kilomita 8 uso wa bahari utakuwa umeshuka chini ya mstari huo kwa meta 5.

Unganisha hayo mawili. Kitu kinachokwenda kilomita 8 kwa sekunde moja kitaanguka meta 5, na katika sekunde hiyo uso wa dunia nao umejikunja chini yake kwa meta 5. Umbali kati yao haukupungua. Sekunde inayofuata ni hivyohivyo, na inayofuata, mpaka kimezunguka dunia nzima kikarudi kilipoanzia, kingali kinaanguka. Isaac Newton aliyaona haya kwa akili tu, katika karne ya 17: aliwaza mzinga juu ya mlima mrefu, ukipiga tufe kwa kasi zaidi na zaidi, mpaka tufe moja linakataa kutua. Ilipita miaka zaidi ya 200 ndipo Warusi wakalirusha tufe hilo kweli, Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957.

Kituo kiko juu kidogo, ambako mvutano umepungua kidogo, kwa hiyo kinatosheka na kilomita 7.7 kwa sekunde, sawa na karibu 28,000 kwa saa. Hakuna injini inayounguruma kukiinua. Ukitazama video ya roketi utaona haipandi wima kwa muda mrefu, mara huinama kuelekea ubavuni, maana kufika juu ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kupata ile kasi ya kwenda mbele. Ikikosekana, chombo kitafika juu, kitageuka na kurudi chini dakika chache baadaye.

Na kuelea? Uzito unaousikia ukiwa umekaa ni mkeka na ardhi vinavyokusukuma juu, vikikuzuia usiendelee kushuka. Daladala likiruka tuta kwa kasi, kuna nukta moja ambapo kiti kinashuka pamoja nawe na tumbo linakupanda kifuani. Wanaanga wanaishi ndani ya nukta hiyo miezi sita. Kituo kinaanguka, wao wanaanguka, kitanda na kalamu na maji ya kunywa vinaanguka, vyote kwa mwendo mmoja, na hakuna kinachomsukuma mwenzake. Huko ndiko kunakoitwa kutokuwa na uzito.

Mwili wa binadamu hauizoei hali hiyo bila gharama, na mjukuu wako ayajue haya asije akadhani ni kuelea na kucheka. Damu na maji ya mwili hupanda kichwani, uso ukavimba. Mifupa ya nyonga na miguu isiyobeba chochote inaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uimara wake kila mwezi, ndiyo maana hufanya mazoezi kama saa mbili kwa siku wakiwa wamefungwa mikanda. Wengine uoni hubadilika. Mkojo na jasho husafishwa vikanywewa tena. Na safari huweza kurefuka: Butch Wilmore na Suni Williams waliondoka Juni 2024 kwa safari ya siku kama nane, chombo chao kikaleta hitilafu, wakarudi Machi 2025 kwa chombo kingine baada ya siku 286. Walikuwa na chakula, hewa na kazi za kufanya, lakini wake, waume na watoto walingoja.

Je, kituo chaweza kutuangukia? Hofu yako si ya kijinga. Hewa haikomi ghafla, na hata kwenye kilomita 400 zipo chembechembe zinazokikwaruza kituo na kukinyima kasi kidogo kidogo, kikashuka. Kwa sababu hiyo husukumwa na injini za vyombo vilivyotia nanga hapo, mara kadhaa kwa mwaka, kirudi kwenye kimo chake. Kituo cha kale cha Marekani, Skylab, hakikupata msukumo huo. Tarehe 11 Julai 1979 kilianguka bila kuongozwa, na vipande vyake vikatawanyika magharibi mwa Australia bila kumuumiza mtu. Warusi cha kwao, Mir, walikishusha kwa kukiongoza tarehe 23 Machi 2001 kwenye bahari ya Pasifiki ya kusini, mbali na visiwa vyote. Hiki mlichokiona nacho kimepangiwa kushushwa huko kwenye miaka ya mwanzo ya 2030, na mwaka 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, iliipa kampuni ya SpaceX kazi ya kutengeneza chombo cha kukishusha.

Vitu vidogo ndivyo vyenye shaka zaidi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Uwezekano wa jambo hilo kumpata mtu ni mdogo sana, lakini si sifuri, na utaratibu wake ni rahisi. Mkikuta ufukweni au shambani chuma msichokijua, chenye alama za kuungua, msikiguse, kwa kuwa baadhi ya mafuta ya vyombo vya anga ni sumu kali. Watoto wasikichezee, na kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa na polisi, wao watawaita wataalamu.

Sasa kuzimika kwake. Hapa umenifurahisha, maana umetaja Isha. Jua likizama Sahare, kwa aliye juu sana halijazama bado. Mawingu ya juu hubaki yameshika nuru, na hewa ya juu zaidi nayo huendelea kung'aa, ndiyo shafaqi. Kalenda nyingi za sala huhesabu shafaqi imetoweka, na Isha imeingia, jua likiwa nyuzi kama 18 chini ya upeo wa macho. Kituo kiko juu kuliko hewa hiyo yote, kwa hiyo chenyewe hulipoteza jua likiwa nyuzi karibu 20 chini. Nyie mlikuwa gizani, kile kikawa bado mchana. Kilipokwenda mashariki, ambako usiku ulishatangulia, kikaingia ndani ya kivuli cha dunia. Hakikuzimwa na mtu wala hakikuruka kwenda mbali. Kilichokizima ni kivuli cha dunia hii mliyoikalia, na wenyewe mle ndani waliliona jua likitua kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana kituo huonekana jioni mapema au kabla ya mapambazuko. Usiku wa manane kwetu kinapita, lakini kimo kivulini.

Machweo hayo huwajia mara kama 16 kwa siku, na ndipo penye swali lako la sala. Kwa hesabu ya haraka sala tano zingekuwa themanini. Jambo hili limeshawahi kukaliwa na wanazuoni. Mwislamu wa kwanza kufika angani alikuwa Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, Juni 1985. Daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipokwenda kwenye kituo hiki Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, masheikh wa nchi yake walimwandalia mwongozo. Siku ihesabiwe kuwa saa 24, sala ziwe tano kwa saa za mahali aliporushwa kutoka duniani. Kibla aelekee kadiri awezavyo: Kaaba yenyewe, au upande wake, au dunia, au popote ikishindikana. Kusimama na kusujudu ni kwa kadiri ya uwezo, na saumu angeweza kuilipa akirudi. Mwaka 2023 Sultan Al Neyadi wa Imarati (Falme za Kiarabu) aliishi humo miezi sita, Ramadhani na Idi zikamkuta huko. Mimi ni mtu wa fizikia, naweza kukuambia jua liko wapi. Hukumu yenyewe mpelekee sheikh wenu wa msikitini, nadhani atalipenda swali.

Tuje kwa kijana. Usimkataze, mama, ila mweleze ukweli. Tangu Yuri Gagarin alipozunguka dunia kwa dakika 108 tarehe 12 Aprili 1961, waliofika angani ni watu wa kuhesabika, mia sita na kitu. NASA huchagua raia wa Marekani, na shirika la Ulaya huchagua raia wa nchi wanachama wake. Tanzania haina mpango wa kupeleka watu. Malaysia na Imarati hazikuwa nao pia mpaka zilipoamua kuwa nao, kwa hiyo mlango haukupigwa misumari, lakini nisingemshauri mtoto aweke maisha yake yote juu ya mlango mmoja mwembamba.

Kazi za anga ni nyingi kuliko kupanda roketi, na nyingine zilifanyika kwenye pwani hii hii. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, mojawapo ya vituo vilivyozungumza naye kwa redio kilikuwa Unguja. Kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilirushwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya ikapewa jina la Uhuru, na vipimo vyake viliwasaidia wataalamu kukubali kwamba mashimo meusi, yale ambayo mvutano wake hauachii hata nuru itoke, yapo kweli. Walichagua pwani yetu kwa hesabu kabisa: karibu na ikweta dunia yenyewe hukizungusha chombo kuelekea mashariki kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, kasi ambayo huilipii mafuta. Na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya ukubwa wa kushikika mkononi, iliachiwa kutoka kwenye kituo hikihiki mnachokiona kikipita Sahare.

Ninachokipinga ni kuyatupa masomo mengine. Fizikia bila hesabu haitamfikisha popote, akishindwa hesabu kidato cha nne tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) itamponyoka. Kemia anaihitaji, na Kiingereza ndicho wanachokitumia vyuoni. Biolojia asiidharau: miongoni mwa wanaanga wamo madaktari, na yale matatizo ya mifupa na macho niliyoyataja yanasubiri mtu wa kuyatatua. Ajue kuogelea vizuri, maana mazoezi ya kutoka nje ya chombo hufanywa ndani ya bwawa lenye kina cha meta 12 kule Houston, na mtoto wa Sahare ana bahari ya kuanzia. Ukiona bado anafeli mengine, usibishane naye nyumbani. Nenda shuleni, ukae na mwalimu wake wa taaluma na wa fizikia pamoja, yeye akiwepo. Vijana wa namna hii huwasikiliza zaidi wanaozungumza lugha ya kile wanachokipenda.

Kuhusu kituo, NASA hutangaza bure mtandaoni saa na upande kitakapotokea mahali ulipo, Tanga pakiwemo. Kijana afungue daftari. Kila kikipita aandike kilipotokea, kilipofika juu zaidi, na dakika kilipoanza kufifia. Kwa kutazama huku macho matupu yanatosha, na daktari akimruhusu anaweza kuanza wiki hii. Kisha achukue 6,371, zile kilomita za hadi kiini cha dunia, agawe kwa 6,771, ambazo ni hizohizo na 400 za kituo, atafute pembe ambayo kosaini yake ni jibu hilo. Atapata zile nyuzi 20 nilizozitaja, na hatakuwa na haja ya kuniamini mimi.